Tatu-Saba-Tano ya Baba Netsai

Mushumbi
Jumamosi, 9 Agosti 1997

UMEITWA! Netsai, umeitwa kwenye mtihani mkubwa wa wawindaji! Barua ya kukuita ilikuja kwa anwani ya shule, mwalimu akanisomea mara mbili, na mara ya tatu nikamwomba aisome akiwa nje, kwa sauti, ili wanaochota maji kisimani wasikie wenyewe wasije wakasema nimetunga.

Sasa salamu. Hujambo mwanangu? Kifua cha baridi kimepona? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanagoma asubuhi. Mbuzi wamezaa mapacha. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama huko kambini wanakupa chakula au wanakupa moshi tu.

Mtihani unaanza Jumatatu ya tarehe 13 Oktoba. Wanasema kila mtu aje na bunduki yake, isiwe ndogo kuliko tatu-saba-tano. Mwalimu alipofika hapo alisimama akaniuliza, "Mama Netsai, hiyo ni nini?" Nikacheka hadi khanga ikanivuka begani. Mtu ana cheti ukutani hajui tatu-saba-tano! Nikamwambia hiyo ndiyo risasi ya baba yake Netsai. Ni ndefu, imechongoka taratibu kuelekea shingoni, na imefunga mkanda kiunoni kama mimi nikienda shamba. Wazungu waliitengeneza kabla mama mkwe wangu hajazaliwa, na duka la Karoi linaweza kukosa sukari, chumvi na viberiti, lakini hiyo lisikose.

Niambie utatumia bunduki ya nani. Nimeshawaambia watu wote utapita, kwa hiyo usinitie aibu.

Mama yako,
Mama Netsai

~

Makuti
Jumapili, 17 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi, ambaye naye alinipongeza kabla sijaifungua, kwa hiyo najua umeshamwambia. Kifua kimepona. Magoti yako yapake yale mafuta niliyoleta Pasaka, usiyagawe.

Mama, nina tatizo. Bosi amesema ataniazima bunduki yake mpya. Inapiga risasi ya kisasa yenye kasi ya ajabu, na vijana hapa kambini wanaishika kama wanashika mtoto wa chifu. Lakini inanipiga, Mama. Bega lote limekuwa zambarau. Na kibaya zaidi, nimeanza kufumba macho kabla ya kuvuta. Wiki hii nimelenga nyati wa mbao nikapiga kichuguu kilichokuwa pembeni yake. Mpishi akasema kichuguu kile kilikuwa hatari sana, nimefanya vizuri kukiua.

Bosi hakucheka. Ameniambia nikifeli mwaka huu nitarudi jikoni na kupokea wageni, maana hawezi kumlipa mwanafunzi asiyeona anachopiga. Sitaki kurudi jikoni, Mama. Miaka miwili nimebeba mizigo, nimefuata nyayo na kulala vichakani ili nifike hapa.

Naitaka ile ya Baba. Unakumbuka alivyonifundisha nyuma ya zizi? Tatu-saba-tano inasukuma, haipigi. Unajua imelia, unajua imefanya kazi, na bado macho yako yako wazi unaona mnyama amefanya nini. Wawindaji wazee hapa wana bunduki kubwa kuliko hiyo na ndogo kuliko hiyo, lakini ukiwauliza wangebaki na moja tu wangebaki na ipi, wote wanataja hiyohiyo.

Najua tangu Baba afariki iko kwa Baba Mdogo Chamunorwa. Tafadhali mwombe. Na kwa kuwa kibali cha polisi ni chake, itabidi aje nayo mwenyewe.

Mwanao,
Netsai

~

Mushumbi
Jumapili, 31 Agosti 1997

Netsai wangu,

Natumaini bega linarudia rangi yake. Hapa joto limeanza kutukodolea macho, lakini tunakula na tunalala. Mbuzi mmoja wa wale mapacha kafa, mwingine ana kiburi.

Nilikwenda kwa Baba yako Mdogo nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, bunduki ya marehemu imelala mapajani mwake, anaipaka mafuta kwa kitambaa cheupe kuliko shuka ya kitanda changu. Nikapiga makofi ya adabu, nikauliza habari za nyumbani, nikakubali maji, nikasifu kuku wake ambao wewe unajua hawasifiki. Ndipo nikasema.

"Shemeji," akanijibu, "niombe ng'ombe."

"Sitaki ng'ombe."

"Niombe ng'ombe wawili. Niombe baiskeli. Niombe hata hili shati."

"Shati lako nitalifanyia nini? Mtoto ana mtihani."

"Na mimi nampenda mtoto. Lakini hii ilitamkwa kwa jina langu siku ya kugawa vitu vya marehemu, mbele ya ukoo, na mpwa wetu, ambaye kwa mila ndiye mgawaji, ndiye aliyenikabidhi. Iende Makuti ikagongwe na vijana? Itiwe mchanga? Shemeji, mimi hii nazungumza nayo."

"Na inakujibu?"

"Inasikiliza. Wewe hujawahi."

Nilisimama nikaondoka, na maji yake sikuyamaliza. Lakini usiogope. Hili jambo nimeshalimaliza, bado yeye tu kukubali.

Mama yako

~

Makuti
Jumapili, 7 Septemba 1997

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima isipokuwa bega. Jana nimefumba macho tena, mara zote tatu.

Usigombane na Baba Mdogo kwa ajili yangu. Mtihani upo kila mwaka, ingawa kwangu mimi hautakuwepo mwakani kama bosi atashika neno lake. Kama Baba Mdogo amekataa, amekataa. Nitajaribu na hii hii ya kisasa, niweke taulo begani.

Ila niambie ukweli. "Nimeshalimaliza, bado yeye tu kukubali" ni maneno gani, Mama?

Netsai

~

Mushumbi
Jumapili, 28 Septemba 1997

Mwanangu, taulo rudisha kwa mwenyewe!

Salamu baadaye, kwanza sikiliza. Nilikaa kimya wiki nzima baada ya barua yako, jambo ambalo majirani walidhani ni malaria. Halafu nikamkumbuka Mzee Gwatidzo, mtani wa ukoo wetu. Unajua tena. Siku tulipomzika baba yako, ni yeye aliyeingia kaburini akalala akasema shimo ni fupi, marehemu atabaki miguu nje, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mtani hakasirikiwi. Mtani akisema, unameza. Basi nikamchinjia jogoo, nikampikia sadza, ugali wa uwele, nikamweleza. Akauliza kitu kimoja tu: "Kofia yake bado unayo?"

Nilimpa kofia ya baba yako, viatu vyake na lile koti lenye mfuko uliochanika. Netsai, alipotoka chumbani amevaa, akakohoa kile kikohozi cha baba yako cha kusafisha koo kabla ya kugomba, mimi mwenyewe nilitaka kumuuliza amechelewa wapi.

Akaenda moja kwa moja kwa Chamunorwa, kijiji kizima nyuma yake. Akapiga mlango kwa fimbo.

"Chamunorwa! Mdogo wangu! Bado unalala mchana?"

Chamunorwa akatoka. "Gwatidzo, vua kofia ya marehemu."

"Marehemu nani? Mimi nilikwenda safari. Nimerudi, nina njaa, nataka bunduki yangu."

"Toka hapa wewe mzee."

"Nilikuachia uitunze."

"Nimeitunza!" Akaingia ndani, akaitoa, akaiinua juu tuione. "Itazameni! Kuna tone la kutu?"

Gwatidzo akaizunguka, akainama, akainusa. "Kweli inang'aa. Inang'aa kama sahani za harusi za mke wako, ambazo hakuna mgeni aliyewahi kulia chakula. Hebu niambie, tangu niondoke imelia lini?"

Chamunorwa akaanza kuifuta kwa kitambaa chake.

"Nyati walikula mahindi ya mjane wangu mwaka juzi. Ililia?"

"Niliogopa risasi zitaisha."

"Zitaisha? Tatu-saba-tano? Duka lenyewe litaisha kwanza!" Halafu akajilaza kizingitini, kofia usoni, mikono kifuani kama maiti. "Basi mimi nakufa tena hapa hapa. Mke wako atanivuka kila akienda kuteka maji, na wageni wako wataniuliza nimekufa na nini, nami nitawajibu: na ubahili wa mdogo wangu."

Watu walicheka hadi mke wa Chamunorwa akaangusha ungo. Chamunorwa alijikaza, akajikaza, kisha mabega yakaanza kutikisika. Akakaa chini kando ya Gwatidzo pale kizingitini akacheka kama alivyokuwa akicheka na kaka yake. Alipomaliza alikuwa anafuta macho kwa kile kitambaa cheupe, na sasa kina mafuta na kingine nisichokitaja.

"Haya," akasema. "Lakini haiendi bila mimi. Naibeba mimi, naisafisha mimi, na zaidi ya mtoto, mtu mwingine haishiki."

Nikamwambia mimi sijawahi kuwa na shaka naye hata siku moja.

Atafika kwako Jumamosi kabla ya mtihani. Mpe chakula cha kutosha, hula sana akiwa na wasiwasi. Natumaini hujambo, mimi sijambo mno.

Mama yako,
Mama Netsai (niliyekwambia nimeshalimaliza)

~

Makuti
Jumamosi, 18 Oktoba 1997

Mama,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Baba Mdogo kwa mkono wake, na amenikataza kuandika mabaya yake, kwa hiyo nimeifunga kwa gundi.

Siku ya kwanza ilikuwa shabaha. Jua lilikuwa kali hivi kwamba chuma huwezi kukigusa bila kitambaa. Nyati wa mbao anavutwa kwa kamba anakujia mbio, nawe upige, ufungue, ufunge, upige tena kabla hajakufikia. Baba Mdogo alikuwa nyuma yangu ananong'ona, "Taratibu, usiivute kama unavuta mbuzi." Mzee Muringani, mkuu wa watahini, akageuka: "Huyu naye anatahiniwa?" Wakamtuma akakae chini ya lori. Hata huko akawa anaonyesha kwa vidole.

Aliyenitangulia alikuwa kijana mmoja wa Bulawayo, Mthulisi, na bunduki ya kisasa ndugu ya ile ya bosi. Alipiga ya kwanza vizuri sana. Kisha ganda la risasi likavimba kwa joto likakwama ndani. Akavuta, akagonga kwa kiganja, akaipiga teke. Nyati wa mbao akamfikia akamwangusha mavumbini.

Zamu yangu, Mama, nilihisi bega linajikunyata lenyewe. Nikakumbuka zizi na harufu yake. Nikavuta. Ikanisukuma, nikaiona risasi yangu imeingia pale inapotakiwa, nikafungua na ganda likaruka lenyewe, jembamba mbele, nene nyuma, halina pa kukwama. Ya pili, ya tatu. Sikufumba macho, Mama. Macho yangu yalikuwa wazi hadi yakauma.

Mthulisi aliruhusiwa kurudia kwa bunduki nyingine, lakini nani wa kumwazima? Wote walitazama chini. Nikaenda kwenye lori. "Baba Mdogo," nikasema. Akajibu, "Hapana." Nikabaki nimesimama. Akamtazama yule kijana, vumbi limemjaa masikioni, akaguna, "Mwambie anawe mikono kwanza." Mthulisi akapita na yeye.

Jioni wale watahini walikuja mmoja mmoja, wameshika kofia kama wachumba. Mmoja, "Baba yangu alikuwa na ya namna hii." Mwingine, "Mimi nilianza na hii nikaiuza kwa ujinga." Kila mmoja aliomba apige mara moja tu. Baba Mdogo aliwapanga foleni! Mzee Muringani mwenyewe alisimama wa nne, na alipopiga akasema, "Ndiyo hiyo," basi, akaenda zake anatabasamu.

Siku ya nne tulitumwa kumfuata nyati mzee aliyekuwa akivizia watu njia ya mtoni. Nilikuwa mbele. Alitoka kwenye nyasi upande nisioutegemea, na nilikuwa na nafasi ya mara mbili tu. Ilitosha. Nyama yote wameipata wanakijiji.

Nimepita, Mama. Bosi amenipa mkono mbele ya wageni, na kuanzia msimu ujao nawaongoza mwenyewe.

Kuna jambo moja sielewi. Baada ya nyati, Baba Mdogo alinisubiri njiani, akachukua bunduki, akakaa nayo hadi giza likaingia. Hakuisafisha. Hadi leo kile kitambaa hajakitoa mfukoni.

Mwanao,
Netsai

~

Mushumbi
Jumanne, 21 Oktoba 1997

Netsai, mwanangu, mwindaji!

Mimi ni mzima, na nimekuwa mrefu. Kisimani siku hizi napewa nafasi ya kwanza, napokea bila kubisha. Barua yako mwalimu ameisoma nje.

Baba yako Mdogo alifika Jumapili, akanipa barua, akaenda kulala. Jana amekuja kwangu kabla sijafagia, na hakutaka hata chai. Akasema, "Shemeji, miaka yote hii nimeipaka mafuta nikidhani namtunza kaka. Pale kwenye nyasi mtoto alipopiga, nilisikia sauti ya kaka. Kwangu bunduki ilikuwa bubu."

Nikataka kumjibu kitu cha kuchekesha. Badala yake nikamsogezea kiti.

Akasema basi ukoo uitwe, na yule mpwa aliyempa yeye aichukue mkononi mwake akupe wewe mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa. Karatasi za polisi ataanza kuzifuata wiki ijayo. Dakika ile ile akabadilika, akasema labda asubiri hadi Desemba. Nikamwambia Novemba ni mwezi wa Mbuzi, mwezi wa mwiko, hatufanyi shughuli, na Desemba yeye atakuwa ameshaingiwa na uchoyo tena. Iwe wiki hii. Akauliza pombe itaiva lini kwa wiki hii. Nikamfunulia mitungi. Ulezi wa pombe niliuotesha kabla hamjaingia hata huo mtihani. Mimi matokeo nilikuwa nayo zamani.

Sasa anasema hatakuja, hawezi kutazama ikiondoka. Nimemwambia kigoda chake nimeshakiweka mbele, karibu na Gwatidzo. Atakuja. Mlete na Mthulisi, anawe masikio. Bosi wako aje, mwalimu anakuja, Shangazi anakuja na ndugu zetu wa Guruve wote.

Ni Jumamosi hii, tarehe 25, asubuhi, kabla jua halijapanda.

Mama yako,
Mama wa Mwindaji