Mchaniko kwenye Spika ya Kwaya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama.

Kabla sijauliza hali ya mtu yeyote hapo nyumbani, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Sijamwambia Bibi, sijamwambia padri kwenye kitubio, wala Sekunda, rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu. Nikianza na salamu nitazirefusha mpaka karatasi iishe na jambo lenyewe libaki ndani ya kalamu. Kwa hiyo naliandika sasa hivi. Spika ya amplifaya ya kwaya haikupasuka kwa sababu ulifungulia sauti. Niliitoboa mimi, siku moja kabla ya misa ya mavuno, nikiwa darasa la nne.

Haya, nimeliandika. Huku Njombe baridi imezidi, kwa hiyo naandika nimejifunika blanketi kichwani na hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa naomba nikusalimie vizuri. Hamjambo wote? Goti la Bibi linaendeleaje tangu mvua zipungue? Maji yamerudi mtoni au bado yamekaa kwenye majaruba yetu? Deo anaamka kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga, au bado anadai tumbo linamuuma mpaka ndege washibe wenyewe? Na Baba, mwezi huu alipata ruhusa ya kuja kutoka kwenye mashamba ya miwa? Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua kimepona, na lile sweta ulilonifumia nalivaa chini ya sare mchana na usiku. Chakula ni kile kile, ugali na maharage. Siku ya wali wenzangu hushangilia, mimi nanusa sahani na kula tu, maana haunukii kabisa kama wa kwetu.

Utajiuliza kwa nini nimekaa kimya miaka sita halafu nikasema leo. Nitakueleza, ingawa itabidi nipitie kwenye mambo ya kompyuta. Usichoke.

Mwalimu Kasian, anayetufundisha kompyuta, ndiye pia mlezi wa kilabu cha muziki. Ana programu ya kurekodia nyimbo, na ndani yake unapachika programu nyingine ndogo ndogo, wao huziita plagini. Moja huongeza mwangwi, nyingine husafisha sauti. Zipo mbili za gitaa. Ya kwanza huikwaruza sauti, huifanya ikorome na kuuma. Ya pili huigiza amplifaya. Yaani Mama, hakuna sanduku, hakuna spika, hakuna mtu wa kulibeba begani kutoka kanisani mpaka nyumbani. Ni picha tu kwenye kioo, ina vitufe vyake vya kuzungusha, lakini ukisikiliza utaapa kwamba lile sanduku limo chumbani.

Muhula huu yametoka matoleo mapya ya zote mbili. Mwalimu aliyapakua kwa simu yake, mtandao ukikata na kurudi, siku mbili nzima. Yalikuja na kitabu cha maelezo cha kurasa arobaini, chote Kiingereza kigumu. Mwalimu akatutazama, akasema, "Nani hapa anapenda kusoma vitu ambavyo hakuna mtu mwingine anataka kuvisoma?"

Wote wakanigeukia. Sekunda akainyanyua mikono yangu yote miwili juu kama nimeshinda ngumi. "Huyu, Mwalimu! Huyu husoma mpaka karatasi ya vitumbua."

Nilitaka kuingia chini ya meza, lakini kazi niliipenda. Jumamosi mbili nilikaa na kitabu hicho na kamusi, nikiandika kwenye daftari kwa Kiswahili kila kitufe kinafanya nini. Kimoja nikakiita Ukali, kingine Joto, kingine Umbali wa Maiki. Nikafika kwenye sehemu ya spika. Toleo la zamani lilikuwa na spika moja tu, nzima. Toleo jipya linakuruhusu kuchagua hali ya spika: mpya, iliyochoka, au iliyochanika. Ukichagua iliyochanika, inatokea picha ya ile karatasi nyeusi ya mbele ya spika, na juu yake kuna mchaniko unaoweza kuurefusha au kuufupisha kwa kusogeza mausi. Kitabu kinasema kwamba zamani, kabla ya vifaa hivi, kuna wapiga gitaa waliochana spika zao kwa wembe ili wapate sauti hiyo.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Walichana wenyewe, kwa makusudi.

Nilisogeza mausi mpaka mchaniko ukawa na urefu kama wa kidole changu cha shahada. Mwalimu akagonga uzi mmoja wa gitaa la shule. Mama, ilikuwa ni ile sauti. Ilitoka kama bati linaloburutwa kwenye lami, na ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na wimbo. Mara moja nikawa nimesimama tena kanisani na vitabu vya nyimbo kifuani, magunia ya mpunga yamepangwa mbele ya altare, na wewe umeshika gitaa lako jekundu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ile ulikwenda Kivukoni, kule mtoni kwetu, kununua samaki wa sikukuu. Amplifaya ilikuwa sebuleni kwetu, umeifunika kitenge, kwa sababu paa la stoo ya kanisa lilikuwa linavuja. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha sayansi kwamba ndani ya spika kuna sumaku, na kwamba sauti ni mtetemo. Nilitaka kuona kinachotetemeka. Sikutaka kuharibu, Mama, nilitaka kuona tu. Nikachukua spoki ya baiskeli ya Baba, nikaipitisha kwenye wavu wa mbele, nikasukuma polepole. Nikasikia kitu kama mtu anayefungua pakiti ya sukari. Nikaichomoa, nikairudishia kitenge vizuri, nikaificha spoki chini ya mkeka, nikaenda kuchota maji bila kutumwa.

Kesho yake ulipogonga uzi wa kwanza watu wote waligeuka. Nilikuona ukipunguza sauti, ukaongeza, ukapunguza tena. Halafu hukuacha. Uliichukua sauti ile mbovu ukaenda nayo, kila kibwagizo ukaikoromesha kidogo makusudi, mpaka watoto wa mbele wakaanza kuruka na bibi mmoja wa mtaani kwetu Lipangalala akapiga vigelegele ambavyo havikuwa kwenye ratiba. Mpaka leo sijasikia wimbo mzuri kama ule.

Baada ya misa Baba Modesta, mwenyekiti wa kwaya, akawakusanya wanakwaya pale nje. Nakumbuka kila neno.

"Mama Vene, kile chombo tulikilimia sote. Tuliinama kwenye matope msimu mzima ili tupate pesa ya kukinunua. Wewe unakifungulia kama uko baa?"

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Si nilisema? Gitaa mpeni mwanamume."

Wewe ukasema, "Samahani, Mwenyekiti." Basi. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nimebana vile vitabu vya nyimbo, na mdomo wangu haukufunguka. Jumapili iliyofuata ulisimama mstari wa nyuma, sauti ya pili, gitaa likabaki limening'inia kwenye msumari juu ya kabati. Kwaya ikarudi kwenye kinanda. Hakuna aliyekukataza kupiga. Ila hakuna aliyekuambia upige.

Kuna kitu kingine. Jumatatu ile nilipoinua mkeka, spoki haikuwepo. Niliikuta juu ya kabati, imefutwa, iko sawa sawa karibu na Biblia. Sikuwahi kukuuliza nani aliiweka pale, na wewe hukuwahi kuniuliza ilitoka wapi. Kama ulijua, basi uliyameza maneno ya Baba Modesta kwa ajili yangu, miaka yote sita, huku ukinisuka nywele na kunipikia na kunisindikiza stesheni. Na kama hukujua, sasa umejua. Kwa vyovyote nisamehe, Mama.

Sasa nikuambie habari ya memori kadi niliyoibandika nyuma ya karatasi hii. Usiitupe na bahasha. Iweke kwenye ile redio yako ndogo.

Likizo ya Desemba, asubuhi moja, ulikuwa nyuma ya nyumba unasubiri wali ukauke. Ulidhani nimekwenda kwa Bibi. Ulikuwa umelishusha gitaa, hujaliunganisha na chochote, unapiga polepole, nyuzi kavu kabisa. Nilikuwa dirishani na simu ya Baba. Nilirekodi bila ruhusa yako, na kwa hilo pia naomba radhi. Nimeitunza kadi hiyo kwenye mkebe wangu wa hesabu tangu nifungue shule.

Baada ya siku ile ya mchaniko nilimpa Mwalimu kadi. Kwanza tukajaribu kwenye toleo la zamani la plagini, wimbo ukatoka kama mbu ndani ya kopo. Nikasema tuache, Mwalimu akasema hapana, ndiyo maana tumehangaika na toleo jipya. Tukahamia huko. Nikaweka Ukali nusu, Joto juu kidogo, nikachagua spika iliyochanika. Mwalimu akabonyeza.

Kwanza tukasikia ngurumo ya ajabu. Sekunda akaruka nyuma. "Vene! Kwenu mnafuga simba?"

Alikuwa yule kuku wako mweupe. Plagini ya kukwaruza huinua kila kitu kidogo kilichojificha nyuma, kwa hiyo kuku amekuwa simba, na mwiko ulipogusa sufuria utadhani geti la gereza. Tulicheka mpaka Mwalimu akafuta machozi. Halafu gitaa likaingia. Ulikuwa ni wewe wa siku ya mavuno. Ulikuwa mkubwa, Mama. Ulijaza chumba.

Mwalimu Kasian akasikiliza mpaka mwisho, akarudisha mwanzo, akasikiliza tena. Akaniuliza, "Nani huyu?"

"Mama yangu."

"Mtu anayeweza kupiga hivi bila umeme anavisikiliza vidole vyake. Anapigia wapi siku hizi?"

Nilitaka kusema kanisani. Nilitaka kusema popote. Nikasema nakwenda kunywa maji. Nikakaa bombani mpaka Sekunda akanifuata na sweta langu, na bado sikumwambia. Lakini pale bombani niliona kwamba kuna watu duniani wanatengeneza matoleo mapya ya programu ili wapate sauti uliyoitoa wewe kwa bahati mbaya na ukaigeuza kuwa wimbo, na wewe uko mstari wa nyuma kwa sababu mimi ni mwoga. Sikuweza kukaa nalo tena.

Kwa hiyo kadi hiyo ina nyimbo mbili. Ya kwanza ni wewe na nyuzi kavu, kama ulivyokuwa. Ya pili ni wewe na mchaniko. Sikiliza ya pili ukiwa peke yako kwanza, kisha mwite Deo aje asikie kuku.

Nisalimie Bibi, mwambie nimempatia madaktari wa baadaye, maana huku wasichana wawili kwenye bweni letu wanataka udaktari na nimewaelekeza kwenye goti lake. Nisalimie Baba akirudi, na umwambie spoki ile iliyopungua kwenye gurudumu la nyuma ilikuwa ni mimi. Mdogo wangu Deo mwambie mpunga haujilindi. Shangazi wa Mngeta mwambie maembe aliyonikaushia yamefika salama na yaliisha siku ile ile. Mama wa jirani, anayenipa chumvi kila ukinituma, naye msalimie sana.

Nakukumbuka kila ninapofunga vifungo vya sweta.

Mimi ni binti yako,
Veneranda

Nimemaliza kuandika yaliyo juu Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Nimeisoma tena barua hii, nikaona kwamba nikiituma kwako peke yako utaikunja uiweke chini ya godoro, na hapo Ifakara hakuna mwingine atakayejua, kwa sababu wewe ndivyo ulivyo. Kwa hiyo nimechukua karatasi nyingine na kumwandikia Baba Modesta. Ni ukurasa mmoja tu. Nimemwamkia, nimemweleza spoki, mkeka na kitenge, nimemwomba asome maneno yangu mbele ya wanakwaya palepale nje alipoyasema ya kwake, na nimeandika jina langu lote la ubatizo na la ukoo. Baada ya hapo nimemwambia Sekunda. Akasema, "Kumbe wewe ndiye simba," kisha akanisaidia kutafuta gundi ya bahasha.

Mjomba wake anafanya kazi kwenye treni, na amekuja leo kumwona kabla ya kurudi Makambako kupanda treni ya kuja huko. Nikimaliza mstari huu nampa bahasha mbili. Nimemwelekeza kwamba akishuka Ifakara aanzie kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Baba Modesta, amkabidhi ya kwake mkononi, na ndipo aje Lipangalala kwako na hii.