Ubani Ndani ya Kibuyu cha Mama Mkwe

Bibi Swaumu, shikamoo, nipokee mzigo huu maana shingo yangu imechoka. Mimi ni yule Mwanaharusi wa Kondoa uliyenisinga siku ya ndoa yangu, sasa nakaa Dodoma karibu na stesheni ya reli kwa mume wangu Seleman, Mgogo aliyesilimu, ila mama yake hakusilimu, na mama huyo ndiye msiba wangu, kwa sababu tangu mwaka jana alipokuja kukaa kwetu na vibuyu vyake vya maziwa nyumba inanuka zizi, nami nimelelewa kwa udi na asumini, basi nikawa nafukiza asubuhi na jioni, naye kila nikiwasha chetezo anatoka nje, nikamuuliza Halfani anayeuza ubani sokoni, akaniambia, "Bibie, anayekimbia ubani ni mchawi, mjaribu katika chakula chake uone." Wagogo vibuyu huvifukiza kwa kijinga cha moto ndipo watie maziwa, nami nikakitupa kijinga, nikakifukiza kibuyu chake kwa ubani, nikatia maziwa, mama akapiga funda moja tu, akatema, akapiga kelele, "Unaninywesha Swedi!" Bibi, Swedi ni mwanawe mkubwa, alisilimu pamoja na mume wangu, tukamzika mwaka jana, na hata siku ile maiti ilipofukizwa ubani mama huyu alikimbilia nje, basi maneno hayo ni ya nani kama si ya mla watu? Amekwenda kwa miguu hadi Chamwino kwa kaka yake, na Seleman ameapa kwamba mama asiporudi kabla mtama haujavunwa nitapewa talaka yangu, nami nampenda, Bibi, nifukize nini ili macho yake yafunguke amwone mama yake alivyo?

Mwanaharusi, Dodoma

Mwanaharusi, miaka mitatu hujakanyaga mlango wangu. Idi zimepita sikukuona, nilipougua mguu hukuuliza, leo moshi umekupalia ndipo unakumbuka kwamba Swaumu hajafa. Haya, marahaba. Karani wa gazeti aliponisomea barua yako nilimwambia arudie, nilidhani macho yake yana ukungu. Kumbe ukungu uko kwako.

Ati mchawi hukimbia ubani! Nzi naye huukimbia, mbona hujamshtaki? Moshi wa kuni ukikuingia machoni, wewe hutoki jikoni ukilia? Na huyo Halfani, kabla ya kumuuliza uchawi ungejiuliza anauza nini. Muuza kamba atakwambia kila ng'ombe ni mtoro.

Mama huyo umri wake wote amenusa ng'ombe, kijinga, na vumbi likipigwa na mvua. Ubani hakuujua. Aliunusa mara ya kwanza juu ya maiti ya mwanawe. Kwako wewe ubani ni maulidi, ni harusi, ni nguo za Idi. Kwake ni Swedi amelazwa ubaoni. Nawe asubuhi na jioni, katika nyumba aliyokuja kufarijiwa, unamzikia mwanawe upya, naye amenyamaza, anatoka tu nje, kwa adabu ambayo wewe uliyelelewa kwa asumini hukuipata. Hukutosheka, ukamtilia na kinywani. Mtu amelia uchungu wa tumbo lake, wewe umesikia uchawi. Pua unayo, mwanangu, lakini kazi yake imekuwa kubeba kipini tu.

Nanyi mnaosomewa gazeti hili mkacheka, chekeni polepole. Hakuna nyumba isiyo na Halfani wake.

Kile kijinga ulichokitupa ndicho udi wao. Kinafanya maziwa yakae, na mtoto akikinusa anajua yuko kwao. Seleman unayempenda amekulia humo. Ukiichukia harufu hiyo umemchukia na yeye. Siupigi vita ubani, mimi mwenyewe nikifukiza shuka zangu roho inatulia. Lakini kinachokutuliza wewe kisimtoe mwenzio nyumbani.

Basi sikiliza. Chetezo kitoe nje. Nguo zako zifue mpaka ubani uishe, na kichwa ukioshe, usimfuate unanukia msiba. Nenda Chamwino kwa miguu kama alivyokwenda yeye, na usimtume Seleman, yeye hakutupa kijinga. Neno uchawi lisikutoke hata kwa kuomba radhi, maana watu wamechomewa nyumba kwa neno hilo. Kaa chini mbele yake useme, "Mama, sikujua kwamba hiyo ni harufu ya Swedi." Kisha funga mdomo. Akilia, kaa. Akikufukuza, omba malazi kwa jirani, kesho urudi. Akikubali kusema nawe, mwombe akufundishe kufukiza kibuyu, na kijinga ukishike wewe; kikikuunguza ni haki yako. Halfani mpite sokoni kama upitavyo shimo.

Na mtama ukivunwa nakutaka hapa Kondoa. Usije peke yako, mje wewe na mama mkwe wako. Kibuyu ubebe wewe, maziwa atie yeye. Nitakinusa hapo hapo mlangoni kabla sijaitikia hodi, na kikinuka ubani hata kidogo, mama ataingia, wewe utabaki nje.