Watoto Hawahesabiwi

Mama mpendwa,

Wawira amemwaga uji wake sasa hivi hapa kwenye veranda ya shule, na badala ya kulia anauhesabu kwa kidole: "Moja, mbili, moja." Hapa Laare kuna baridi, lakini yeye hana habari.

Nangoja kuulizwa maswali kwa Kiingereza. Nikijibu vizuri nitapata kazi ya kusaidia watoto wa nasari. Jana shangazi alinifunza kwamba kwa Kiingereza maharagwe yanahesabika, lakini unga na maziwa hapana.

"Na watoto je?" akauliza.

Nikakukumbuka. Wewe ulitukataza kuhesabu watoto, tusije tukawaitia mabaya.

Akanicheka. "We Mama Wawira, ukinyamaza hivyo huko shuleni watadhani umeacha mdomo kwenu Manyatta!"

Nimefikiria sana, Mama. Wakiniuliza nina watoto wangapi, sitahesabu. Nitawataja tu, vile wewe hututaja ukiomba: Wawira, na huyu aliye tumboni, ambaye bado sijamwambia mtu habari zake, na ambaye akiwa msichana atachukua jina lako, na akiwa mvulana... wananiita, Mama, tuombee sote, na...