Kaptura Nyeupe

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Mei 1975

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti la Mama limepungua maumivu, na mihogo imeanikwa bila kunyeshewa. Huku hatujambo. Kaka Gaudens bado yuko karakana ya reli pale Gerezani, anarudi na grisi hadi masikioni. Soko jipya linakaribia kwisha, na sukari tunaipangia foleni kama ninyi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Mzee Tarsis alipokuja huku kutibiwa macho alipelekwa ukumbini kutazama mchezo, akaniona jukwaani nimevaa kaptura nyeupe, naongoza mganda, ngoma ya wanaume. Kumbe macho hayakuwa mabovu kiasi hicho. Aliniuliza nani kanifundisha, nikamjibu ni Baba. Sasa wazee wa Lituhi wanakucheka, wewe kapteni wa mganda miaka ishirini, kwamba umemfundisha binti. Unanitaka nimwandikie Mzee Tarsis kwa mkono wangu kuwa nilisema uongo, kisha nirudi kwenye taipu, la sivyo nisikuite baba tena.

Nitakujibu kwa adabu, lakini nitakujibu.

Taipu niliiacha tangu mwezi wa pili, nanyi sikuwaambia. Mchana nilikuwa napiga chapa ofisini kule Posta, jioni nacheza katika kikundi cha utamaduni cha ofisi. Kikundi kikubwa cha ngoma na maigizo kikaja kuchagua watu, nikachaguliwa, nikapewa barua ya ajira yenye mhuri. Hii ni kazi, Baba. Saa moja na nusu asubuhi tunasaini daftari, tunakimbia, tunanyoosha viungo, tunajifunza ngoma za Wasukuma na za Wazaramo, tunaimba, tunaigiza, na anayechelewa anaandikiwa barua ya onyo. Nyayo zangu zina sugu kuliko viganja vyako. Wanawake wa uani hapa huniita mkata viuno, nawaamkia, napita. Gaudens alininunia wiki mbili, akidai hakunileta mjini nije kucheza ngoma. Nikamwambia yeye anatengeneza treni asizopanda, mimi natengeneza ngoma ninayoicheza mwenyewe.

Huo mganda ulikuja hivi. Mwalimu wetu, Mbaruku, mtu wa Pangani, alitunga mchezo wa nyimbo kuhusu watu wanaohamia kijiji kipya, na katikati akauweka mganda wetu. Akawafundisha wanaume wacheze wakitabasamu na kutikisa mabega kama wamekuja harusini. Mimi nilikuwa nimekaa na akina dada nikingoja zamu yetu. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikasimama, nikasema huo si mganda; katika mganda uso haucheki, na mguu unatua kwa kisigino. Wanaume wakaguna. Mwalimu akasema, "Usitueleze. Tuoneshe." Nikaonesha. Nikapewa nafasi ya kapteni, wanaume kumi wakapanga mstari nyuma yangu. Kaptura niliazima kwa Gaudens, na mnuno wake, nikaipiga pasi mpaka mikunjo ikanyooka kama rula.

Sasa niseme lile ambalo hata Mama halijui. Nilikuwa na miaka kumi, niko nyuma ya nyumba, nachezesha miguu kama nilivyowaona mkifanya mazoezi. Ukatokea na jembe begani. Nikajua nachapwa. Ukaliweka chini, ukatazama huku na huku, ukasema, "Kisigino kwanza. Na usicheke." Ukanipigia mdundo kwa mdomo. Jumamosi iliyofuata ukaja tena, na nyingine, mwaka mzima na zaidi, mpaka nilipoanza kujifunga khanga kama mama zangu. Ukaacha, bila neno. Nililia sana, Baba, na sikuthubutu kukuuliza. Ile ndiyo shule niliyoipenda kuliko zote.

Kwa hiyo Mzee Tarsis sitamwandikia. Ukweli nimeshamwambia, na mwenye kuukana si mimi.

Jambo moja limebaki. Wakati wa Sabasaba kikundi chetu kitazunguka wilaya ya Mbinga, na siku ya tatu tutacheza Lituhi, uwanja wa shule. Desturi unaijua kuliko mimi: mganda wa wageni ukiingia, kapteni wa wenyeji hutoka peke yake kumpokea kapteni mwenzake kwa hatua za mganda, ndipo ngoma ianze. Wazee wote watakuwapo. Nitaingia mbele ya wanaume wangu kumi, nisimame, nikungoje mapigo kumi na mawili ya ngoma kubwa. Usipotoka nitaanza, huku nafasi yako ikiwa wazi, kila mtu akiiona.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya goti ameshapewa padre aje nayo. Wasalimie wadogo zangu na majirani, hata Mzee Tarsis. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Na ukinikataza kukuita baba, nitakuita kapteni.

Ni mimi mwanao,
Hyasinta