Tunakufa kwa Ajili ya Vikapu

Misigiri, Iramba
14 Juni

Dada yangu mpendwa Aneth,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji Gerald na watoto hapo Kintinku hamjambo. Sisi huku tu wazima, uwele tumeshavuna, na kifua cha mama kimepungua. Anakusalimu sana.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu jambo hili lingenishinda.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha kusuka vikapu kilialikwa kwenye maonesho mjini Singida. Mimi, katibu na msomi wao wa kidato cha nne, niliombwa kuandaa vikaratasi vya Kiingereza vya kufunga kwenye vikapu, kueleza kwamba rangi tunatia wenyewe kwa mizizi. Niliandika mfano mmoja. Cecilia, ambaye hakumaliza la saba lakini ana mwandiko mzuri, akanakili arobaini.

Kumbe kutia rangi ni dye, nami niliandika die, yaani kufa. Yote mawili hutamkwa "dai", sikio haliyatenganishi. Mgeni mmoja akamuuliza mwenyekiti wetu, mama Theresia, kama kweli tunakufa kwa ajili ya vikapu. Meza za jirani zilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Picha ya kikaratasi ikazunguka kwenye simu hadi huku kijijini.

Mama Theresia alipouona mwandiko, akamgeukia Cecilia. Cecilia akasema, "Nimeandika kama nilivyopewa." Hakuna aliyemsikiliza. Akaambiwa asiende tena maonesho yoyote.

Dada, nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Tuliporudi, ule mfano nikautia motoni. Wiki tatu nzima nikikutana na Cecilia kisimani natazama ndoo yangu.

Jumapili iliyopita nilisimama mkutanoni nikasema kosa ni langu. Nikasema na lile ambalo hata wewe nilikuficha: mtihani wa Kiingereza nilifeli, nikawadanganya nyumbani kwamba nimefaulu. Wamenivua ukatibu. Cecilia amerudishwa, ila salamu yangu bado haiitikii, na simlaumu.

Sasa kila Jumanne na Alhamisi nakwenda kwa mwalimu Elisha. Ananisomea, naandika: son ni mtoto wa kiume, sun ni jua, week ni wiki, weak ni dhaifu. Nakosea, nafuta, naandika tena. Mwakani narudia mtihani, na safari hii karatasi ya matokeo utaisoma kwa macho yako.

Wasalimie wote. Nijibu, hata kama umenikasirikia.

Mdogo wako,
Lea