Zaka ya Pesa Nisizozishika

Mpendwa Bi Thuwaiba, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unisitiri, niite Mardhiya tu, maana jina langu la kweli likitoka gazetini mtaa mzima hapa nyuma ya Darajani utanijua. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, nimeposwa na Wakil, fundi wa viyoyozi kwenye mahoteli ya Nungwi, na mahari yangu nshapewa mkononi, na kwetu mahari ndiyo inayonunua kitanda na kabati, basi mimi nikaona badala ya pesa kukaa bure niziongeze kidogo, kwa sababu rafiki yangu Tahiya alinitia kwenye kundi la simu la biashara ya halali, hakuna riba, linaongozwa na mtu anayejiita Ustadh Hafiz, sijawahi kumuona sura lakini adhana ikikaribia anasema ndugu zangu tusimame tukasali, wallahi Bi Thuwaiba hata mimi niliyekuwa nikichelewesha sala nilianza kuwahi.

Mwanzo nilitia kidogo, faida ikaja kweli, nikanunua buibui. Nikatia mahari yote. Kwenye simu nnaziona zinakua kila siku, lakini nilipotaka kuzitoa Ustadh akasema kuna ada ya kufungulia, nikauza herini za marehemu bibi nikalipa, kisha akasema faida imekuwa kubwa lazima itolewe zaka kwanza ndipo iwe safi, nikamdanganya mama kuwa seremala anataka nyongeza, akanipa, nikailipa hiyo zaka, sasa ananiambia nilete mtu mmoja mwenye mtaji ndipo zangu zifunguke. Shangazi yangu Bi Mashavu analima mwani Chwaka, ana akiba yake, ananiamini kuliko wanawe, na Jumamosi anakuja nayo mjini kwa sababu nshamgusia. Wakil kila akipiga simu anauliza kitanda, nnamwambia mbao hazijafika. Sili, silali, mama anafikiri ni wasiwasi wa harusi. Nnakuuliza, nikizichukua za shangazi, zangu zikafunguka, nikamrudishia siku ileile, nitakuwa nimemdhulumu?

Mardhiya

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nakupa pole mwanzo kwa sababu ukimaliza kusoma huenda ukanichukia. Barua kama yako zimejaa hapa mezani, nikiifungua nyingine naijua kabla sijafika katikati. Nshachoka, jamani. Leo ni halali, jana ilikuwa ajira ya kulipwa kwa kubonyeza picha kwenye simu, kesho itakuwa kitu chengine.

Zaka! Mtume! Wewe umekaa chuo cha Kurani ukasomeshwa. Tangu lini zaka ikatolewa kwa mali ambayo hujaishika, haijapitiwa na mwaka, tena ukampa mtu usiyemjua sura? Angekwambia ni kodi ungeuliza. Alikwambia zaka ukanyamaza, na yeye alijua utanyamaza. Na huko kusimama kusali hakukumgharimu kitu, saa za sala zimo kwenye kila simu.

Mahari yako imekwenda, mwanangu. Hizo unazoziona zikikua ni tarakimu tu anaziandika yeye. Ile faida ya buibui ilikuwa chambo. Pesa iliyo yako huitolei pesa nyengine ili uipate.

Na Tahiya, umejiuliza kwa nini alikuingiza? Mimi nadhani naye zake zilikwama, akaambiwa alete mtu. Muulize, lakini usimtukane, kwa sababu unalotaka kumfanyia shangazi yako ni hilohilo.

Usitume tena hata shilingi. Usimuage huyo Ustadh wala usimlaani, piga picha mazungumzo yote na kila namba uliyoitumia pesa, kisha uende polisi, na kwa kampuni ya laini yako pia. Sikudanganyi, sijaona nyingi zikirudi. Na akitokea mtu akasema atakurudishia kwa ada ndogo, ni mwizi huyohuyo au nduguye.

Mama yako mwambie leo, akupigie kelele ziishe. Kisha Wakil, wewe mwenyewe, mama akiwepo. Mahari ni haki yako, hana cha kukudai, lakini ule uongo wa mbao lazima ausikie kwako. Akikasirika ana haki. Akikuacha kwa ajili ya kitanda, bora akuache sasa.

Sasa swali lako. Jibu unalo, Mardhiya, unatafuta mtu mzima wa kukupa ruhusa. Mimi sikupi. Bi Mashavu anashinda kwenye maji ya chumvi mpaka kiunoni, na kwa kuwa ni wewe unayemwambia, hatauliza mara mbili. Atakupa zote, na atakushukuru. Basi mpigie sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili. Usimwambie umebadilisha mawazo. Mwambie, "Shangazi, nimetapeliwa, na nilitaka kukutia na wewe."