Nimemsemea Aikande kwa Madam

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya mwezi wa saba, na mlima hatujauona kwa siku ya nne sasa. Nguo nilizofua Jumamosi bado zina unyevu na zimeanza kunuka.

Nina wivu. Naanza na hilo ili nisizungukezunguke.

Si wivu wa mwanaume. Huo ningejua namna ya kuubeba, nimeshaubeba mara mbili. Namwonea wivu Aikande, mwenzangu wa chumba, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, ambaye sasa hivi yuko uani anapepea mkaa huku akiimba pambio. Hana habari kwamba jana nilimsemea kwa mwalimu kama mtoto wa darasa la pili. Blogu hii hasomi. Anasema maisha yangu anayaona bure kila siku, ya nini amalize bando.

Ngoja nieleze vizuri.

Tuko mwaka wa tatu, tunasoma uhasibu hapa Moshi, na muhula huu somo linalotutoa jasho ni Ukaguzi na Uhakikisho. Watu wakisikia ukaguzi wanadhani ni kukamata wezi. Madam anayetufundisha anasema kazi yetu ni kuwa mtu ambaye akisema "nimeona", wengine wanaamini kweli ameona. Alhamisi hii kikundi chetu cha watu sita kinapanda Old Moshi kushuhudia chama kimoja cha wakulima kikihesabu kahawa iliyomo ghalani. Sisi hatuhesabu. Tunawatazama wanaohesabu, tunauliza maswali, tunaandika. Kila kikundi kina kiongozi, na Madam alishasema wazi kwamba kiongozi atakayewazidi wengine atamwombea nafasi ya field, mafunzo kwa vitendo, kwenye ofisi ya wakaguzi mjini. Nafasi ni moja.

Naitaka nafasi ile kuliko kitu chochote mwaka huu. Field ya mwaka jana niliifanya kwenye ofisi ambayo sitaitaja, ambako kwa wiki nane nilitoa fotokopi na kutumwa vitumbua. Na Mama, kule Kibosho, ameshatangaza kwenye jumuiya ya kanisani kwamba Restituta wake anakuwa mkaguzi. Akina mama wa jumuiya hawasahau kitu.

Wiki mbili zilizopita Madam akamtaja kiongozi wa kikundi chetu. Aikande.

Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Kwa nini alichaguliwa najua, na hapo ndipo panaponiuma. Siku moja Madam alituuliza: umeingia ghalani, magunia yamepangwa mpaka darini, umepewa daftari, utajuaje kama kilichomo ndicho kilichoandikwa? Nikanyoosha mkono, nikamwaga Kiingereza cha kitabuni, sampuli, ushahidi, taratibu, vyote kwa mpangilio. Madam akasema vizuri, kisha akaendelea kulitazama darasa kama mtu ambaye bado hajaletewa alichoagiza. Ndipo Aikande, ambaye dakika kumi kabla alikuwa anasinzia, akasema kwa Kiswahili: "Madam, mimi ningeomba yatolewe yale ya nyuma. Nyumbani kahawa nzuri tunaiweka mbele. Ile iliyopigwa na mvua inakaa nyuma huko, haionekani."

Darasa zima likacheka. Madam hakucheka. Aliandika maneno yale ubaoni, yote.

Sasa sikiliza. Mimi nimekulia kwenye kahawa. Kabla Baba hajang'oa miche akapanda nyanya, nimechuma, nimezungusha mashine ya kumenya mpaka viganja vikatoka malengelenge, nimeanika, nimeanua mvua ikinikimbiza. Ujanja wa gunia la nyuma naujua tangu sijaanza shule. Jibu la Aikande nilikuwa nalo mdomoni. Niliona aibu kulisema. Nilidhani chuoni hawataki mambo ya kihambani, ya shamba la nyumbani, wanataka ya kitabuni. Yeye hakuona aibu hata chembe, na hicho ndicho ninachomwonea wivu, hata kuliko uongozi wenyewe.

Tangu siku ile kila kitu chake kikaanza kunikera. Anavyolala usingizi mzito kama mtoto aliyeshiba, hata siku ya mtihani. Mwandiko wake mkubwa unaokula mistari miwili miwili. Hata anavyomwambia muuza maandazi "aika", asante ya Kichagga, na muuza maandazi anamwongezea moja. Mimi nimemwamkia yule mama miaka mitatu, sijawahi kuongezewa.

Turudi kwenye ukaguzi. Kwenye suala la uhuru wa mkaguzi Madam hana mchezo. Kabla ya zoezi kila mmoja anajaza fomu ya tamko: je, una ndugu, rafiki, adui au maslahi yoyote yanayoweza kupindisha utakachokiona? Fomu hizo zinasomwa kwa sauti mbele ya kikundi kwenye kikao cha maandalizi, ili kila mtu amjue mwenzake. Tulijaza Ijumaa, kila mtu kwenye kona yake. Mimi niliandika "Hakuna", nikatia saini, nikaenda kunywa chai.

Jumapili nikaletewa silaha mpaka mlangoni.

Baba mdogo wa Aikande alishuka kutoka Old Moshi na mkungu wa ndizi begani na dumu la maziwa. Nikamwamkia, nikamtolea kiti, Aikande yuko bombani anaosha sufuria. Katika maongezi mzee akasema amechoka, wiki nzima wanafagia ghala na kupanga magunia, kuna wanafunzi wanakuja kutazama hesabu.

"Kwani baba mdogo na wewe uko huko ghalani?" nikauliza, sauti tamu kama asali.

"Mimi ndiye karani wa ghala, mwanangu. Funguo zote ninazo mimi."

Rafiki angetoka pale, angemfuata Aikande bombani na kumuuliza, wewe, Madam anajua? Sikumuuliza. Nilikaa na ile habari kama mtu aliyeokota simu ya watu. Jioni Aikande akapika machalari kwa zile ndizi za karani, nikala sahani tatu, mdomo unatafuna huku kichwa kinatunga ujumbe.

Jana jioni nikautuma. Niliuandika mara nne mpaka ukapata sura ya uadilifu. "Shikamoo Madam, samahani kwa usumbufu. Kwa kuzingatia uhuru wa mkaguzi, naona ni wajibu wangu kukujulisha kwamba..." Hilo neno wajibu nililipenda sana. Nilikuwa na roho ya korosho, nikaivalisha suti na tai.

Madam akajibu kwa maneno matatu: njoo ofisini kesho.

Leo asubuhi nimekwenda. Nilikuwa nimepiga pasi blauzi, nikidhani nakwenda kukabidhiwa uongozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimejuaje. Nikasema mzee mwenyewe alikuja kwetu, alileta ndizi.

"Ulikula?"

"Nilikula, Madam."

"Nyingi?"

Akafungua faili, akanigeuzia karatasi. Ulikuwa mwandiko wa Aikande, ule mkubwa, na fomu ilikuwa ya Ijumaa, siku mbili kabla ndizi hazijafika. Aliandika hivi: "Karani wa ghala ni baba yangu mdogo, amenilea. Sifai kuongoza wala kuingia ghalani siku hiyo. Nitabaki kupanga karatasi. Naomba aongoze Restituta. Kahawa anaijua kuliko mimi, ila anaona aibu kusema."

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili sikuona vizuri.

Madam akasema Aikande alimwomba asiniambie mpaka leo, alitaka nishtuke kwa furaha. Halafu akasema, bila kufoka, na afadhali angefoka: "Ulichoniletea ni kweli tupu, Restituta. Lakini mkaguzi anaulizwa pia kwa nini ameangalia pale alipoangalia." Akavuta fomu mpya. "Uongozi ulikuwa wako tangu Ijumaa. Ila hii yako ya 'Hakuna' siwezi kuisoma mbele ya watu. Jaza upya, uje nayo kikaoni kesho saa tatu. Nikishaisoma ndipo nitajua Alhamisi anaongoza nani, wewe au Godlisten."

Godlisten wa kikundi chetu ni kijana mwema, sina neno naye. Ila kahawa anaijua ya kwenye kikombe.

Nilidhani nitatoka pale na aibu peke yake. Thubutu! Nilipofika getini wivu ulikuwa umezaa. Sasa namwonea wivu mpaka kwa wema wake. Mtu ukitaka kumchukia kwa raha zako lazima awe na kosa, na huyu, lile kosa moja nililomtegemea, amelitangaza mwenyewe, kwa maandishi, halafu chini yake akanisifia. Hivi kuna haki kweli hapo? Kwa nini asiwe na kijicho japo kidogo, kama watu wengine?

Mchana amenirukia mlangoni kabla sijavua viatu. "Madam amekuambia? Siku nne nimekaa na hiyo siri, mwenzio nilikuwa napasuka!" Nikasema ndiyo, ameniambia. Akanikumbatia, akavaa ndala, akakimbilia buchani kwenye manyunyu vilevile, eti leo tunasherehekea.

Kuna ule msemo, kikulacho ki nguoni mwako. Maisha yangu yote nikiusikia nilijiona mimi ndiye mwenye nguo. Haijawahi kunipitia akilini kwamba naweza kuwa yule mdudu.

Fomu nimekuwa nayo mapajani tangu saa nane. Njia rahisi naiona, na sitadanganya kwamba haijanivutia. Naweza kuandika kwamba nilikula ndizi za karani, basi. Ni kweli, na ni jambo la kutajwa. Kikundi kitacheka, Madam atatabasamu, na Alhamisi nitapanda Old Moshi na daftari mkononi nikiongoza watu. Mama ataupata ule ushuhuda wake wa jumuiya. Aikande atabaki na rafiki anayedhani anaye.

Niliandika hivyo kweli. Kwa penseli. Nikakaa nikiitazama ile sentensi karibu nusu saa, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kujiona mdogo.

Nikaifuta, nikachukua kalamu ya wino. Sasa inasomeka hivi: "Nilikula ndizi za karani wa ghala, sahani tatu. Pia namwonea wivu Aikande, mwenzangu wa kikundi. Nilitoa taarifa zake kwa sababu ya wivu huo. Suala la uhuru nililitumia kama kisingizio." Saini. Haifanani na ya kwanza.

Nilitaka kumalizia kwa kujiahidi kwamba kuanzia kesho nitakuwa mtu mwingine. Lakini kesho saa tatu maneno haya yanasomwa kwa sauti mbele ya kikundi, na Aikande atakuwa amekaa ubavuni kwangu, meno yote nje, akisubiri nitangazwe kiongozi. Hapana. Haya asiyasikie kwa mdomo wa Madam.

"Resti! We Resti, njoo ule, chakula kinapoa!" Ni Aikande, anaita kutoka uani.

Nampenda. Namwonea wivu. Na bado natamani Alhamisi niongoze mimi. Yote matatu ni kweli saa hii, na sijui lipi litakuwa na nguvu nikishakaa mbele yake.

Naenda. Fomu ninayo mkononi. Nitamsomea kabla sijanawa, maana nikishaonja chakula chake sitaweza.